Ustawi wa Jamii, Maendeleo ya Jamii au Sosholojia? Mdogo wangu anataka kuomba chuo

dadawawili
Wakuu habari zenu. Mdogo wangu kamaliza form six anataka kusoma kozi ya kusaidia watu, maombi ya vyuo yanakaribia kufungwa na hapa nyumbani tumebishana mpaka tumechoka. Yeye kang'ang'ania Ustawi wa Jamii pale chuo cha Kijitonyama, Dar, baba anasema aende chuo cha Tengeru kule Arusha akasome Maendeleo ya Jamii, mimi naona bora Sosholojia Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kwa sababu haimfungi sehemu moja. Naombeni ushauri, ipi nzuri na ipi ina ajira?

Kibaigwa
Dada swali lako limekuja nusu. Kombi gani? Kapata nini? Ada analipa mzee au anategemea bodi ya mikopo? Ni wa kike au wa kiume, yuko tayari kupangiwa kazi mbali, Kakonko huko Kigoma, au anataka Dar tu? Bila hayo kila mtu atakutajia chuo alichosoma yeye.

Tengeru_damu
Mzee wako anajua anachosema. Tengeru ipo toka 1963, imefundisha watu wa maendeleo ya jamii wa nchi nzima. Halafu angalia muundo wa kazi wenyewe, Afisa Maendeleo ya Jamii anashuka mpaka kwenye kata, yeye ndio anaunda vikundi, anahangaika na ile mikopo ya vikundi ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), NGO zikija wilayani zinapita kwake. Kazi ya kuonekana, unakuta kijiji kimebadilika na unajua mkono wako umo.

Shangazi_Ilala
Mimi ni afisa ustawi, hospitali ya serikali. Tengeru_damu sikupingi ila hizi ni kazi mbili tofauti kabisa na watu wanazichanganya kila siku. Maendeleo ya jamii anafanya kazi na kundi, ustawi unakaa na mtu mmoja na familia yake, mlango umefungwa. Kwangu anakuja mgonjwa kaandikiwa upasuaji hana hata mia, mimi ndio namhoji, napiga simu kwa ndugu, naandika kama anastahili msamaha wa gharama. Anakuja mama katelekezewa watoto anadai matunzo. Analetwa mtoto kaokotwa stendi, hapo nafuata Sheria ya Mtoto ya 2009, lazima apatikane pa kulala usiku huohuo. Mtoto akifikishwa mahakamani afisa ustawi ndio anaandika ripoti ya hali ya nyumbani kwao na hakimu anaisoma kweli. Sasa muulize huyo mdogo wako, anapenda kusimama mbele ya mkutano wa kijiji au anaweza kumsikiliza mtu mmoja saa nzima analia na asimkatize? Jibu lake ndio kozi yake.

dadawawili
Shangazi asante sana. Ni wa kike, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), ana division two. Kusema kweli yeye ni wa kusikiliza, hata mtaani watu wazima wanamweleza shida zao.

Kibaigwa
Kwa division two kigezo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha principal mbili, yaani kufaulu masomo mawili ya form six, na pointi 4 kavuka, hapo hana shida. Ada bado hujajibu.

mpakanyika
Naomba niseme kitu kabla hamjafika mbali na majina ya kozi, ANGALIENI CHUO. Mimi nilisoma diploma ya ustawi chuo kimoja cha binafsi, sitakitaja. Walimu wazuri tu, fildi nilienda kituo cha kulea watoto nikajifunza mengi. Shida ikaja tumemaliza, tunataka kuomba digrii, mfumo unadai AVN, ile namba ya kuthibitisha diploma inayotolewa na NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya diploma), tukiomba tunaambiwa matokeo yetu hayajafika. Kumbe chuo hakijayapeleka. Tukienda ofisini leo mhusika kasafiri, kesho mtandao unasumbua, wenzetu wengine walikuwa wanatoka mikoani kwa nauli ya kukopa wanarudi mikono mitupu. Dirisha likafungwa tukiwa tumesimama kwenye korido ya chuo. Mwaka mzima umekwenda, na mkopo ndio hivyo tena. Mpaka leo mtu akiniuliza kozi gani nzuri namuuliza kwanza umeuliza wanafunzi waliomaliza mwaka jana kama matokeo yao yapo kwenye mfumo?

Tengeru_damu
Pole sana ndugu. Ndio maana nasema chuo cha serikali.

Kibaigwa
Sawa, ila hiyo asilimia 10 unayoisifia mbona huku kwetu ilikuwa vikundi hewa? Watu watano ukoo mmoja wanachukua hela hawarudishi. Serikali yenyewe ilisimamisha 2023.

Tengeru_damu
Ilisimamishwa kupanga utaratibu upya na 2024 imerudi. Na usimtupie lawama zote afisa wa kata, mtu mmoja, hana pikipiki, vikundi viko vijiji vitano, atavifuatilia na nini? Mpeni usafiri kwanza.

Shangazi_Ilala
Usafiri ni kilio chetu sote. Toka Januari 2022 ustawi na maendeleo ya jamii tuko wizara moja, na kwetu ustawi ukimwacha mtoto kwa mlezi bila kurudi kumwona hujafanya kitu, lakini gari la halmashauri mpaka uliombe.

Columbus_Ohio
Nawasoma toka Marekani. Huku kuna kozi inaitwa Human Services na nyingine Social Work, Waswahili wengi tunaokuja tunadhani ni moja. Ukitaka leseni ya social worker wanaangalia kama digrii yako ya Social Work inatambuliwa na CSWE (baraza la huku linalokagua kozi za Social Work), Human Services haikufikishi hapo, ingawa kazi za vituo na mashirika unapata. Nimeona wenzetu wamemaliza ndio wanaambiwa. Hata huko kwenu someni tangazo la kazi limetaja fani gani kabla ya kuchagua.

mpakanyika
Hapo kwenye tangazo umesema kweli. Nafasi za maendeleo ya jamii wanaita mpaka sosholojia na mipango, ukifika kwenye usaili ni umati.

dadawawili
Kwahiyo Sosholojia nayo anaingia maendeleo ya jamii? Baba kasoma huu uzi kasema Tengeru palepale, mdogo wangu kasema anataka kuongea na Shangazi inbox. Ada ni mkopo, tunaomba HESLB (bodi ya mikopo).

Shangazi_Ilala
Aje, namkaribisha. Baba pia aje.

Kibaigwa
Tengeru_damu, hivyo vikundi vya vijana vya mikopo siku hizi umri wa mwanachama mwisho miaka mingapi? Na usajili unaanzia kata au wilayani?