Tupeane uzoefu: wewe unayeishi Dubai, jangwa hili unalionaje?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Wiki haipiti bila mtu wa nyumbani kuniuliza kama aje Dubai au aache. Nikitafuta cha kumwonyesha nakuta picha za maghorofa huku na vilio kule, na sisi tunaoamka hapa kila siku tunajua kuna mengi ambayo hayasemwi. Naomba tuandike yale ambayo mwili unayajua: joto, maji, usingizi, kodi, watoto, njia ya kwenda kazini. Habari za mawakala na viza zina uzi wake, tusizilete hapa.

Naanza mimi. Nakaa Al Nahda, kazi yangu ni ya mezani, na naipenda Dubai. Dada yangu anatoka kazini saa tano usiku, anatembea peke yake kutoka kituo cha metro mpaka mlangoni, nami sina wasiwasi wowote. Naipenda zaidi kuanzia Novemba mpaka Machi, na Januari asubuhi ni nyuzi 15 au 16 na mchana 25 hivi, familia zimejaa bustanini na majiko ya mkaa na hakuna anayetaka kurudi ndani.

Halafu inaingia Julai. Mchana unapita nyuzi 40, na kwa kuwa bahari ya Ghuba iko hapo kando, unyevu haukuachi hata usiku wa manane. Wavaa miwani wananielewa: ukifungua mlango wa jengo kutoka kwenye kiyoyozi, vioo vinaingia ukungu papo hapo na inabidi usimame mpaka vipate joto. Maji nayo yanageuka. Tangi liko juu ya paa, jua limelipiga kutwa, kwa hiyo bomba la baridi linatoa maji ya moto. Tunachofanya ni kuzima hita ya bafuni msimu mzima na kuoga kwa bomba la moto, maana maji yaliyotulia ndani ya hita yamepoa kwa ubaridi wa nyumba. Mgeni asipoambiwa hilo anaoga kwa mateso mpaka Oktoba.

Ninachoamini, na mnipinge mkiona vingine: jua ni moja, lakini kila mtu analipata kwa kadiri ya kazi yake na kodi anayoimudu. Niambie unafanya kazi gani na unalala wapi, nitakuambia kama utaipenda Dubai. Karibuni.

Bodaboda wa Marina

Mkuu, hapo kwenye kazi na pa kulala umenigusa. Mimi nabeba chakula kwa pikipiki, mitaa ya Marina na JLT. Watu hudhani mwendo unakupoza. Ikishapita nyuzi 40 upepo wenyewe ni wa moto, ukiongeza mwendo ndiyo unakukausha zaidi, midomo, macho mpaka koo. Kubaya kuliko kote ni kwenye taa za barabarani. Umesimama katikati ya magari, kila gari linatoa joto lake upande wako, lami inapenya soli za viatu, injini iko katikati ya mapaja, na kofia huwezi kuivua.

Tena kazi inapanda jua linapopanda. Mchana wa Agosti nani atatoka kwenda kula? Wote wanaagiza. Ile marufuku ya kufanya kazi juani, saa sita na nusu mpaka saa tisa mchana kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, haisimamishi oda za chakula. Serikali imetuwekea vyumba vya kupumzikia, vina kiyoyozi, maji ya baridi na pa kuchaji simu, na nasema kwa moyo mweupe kwamba vimetusaidia sana. Ila mimi nalipwa kwa oda, na nikiwa mle ndani silipwi.

Nawaachia wenzangu wa pikipiki haya: kunywa maji kabla hujasikia kiu, weka pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji kwenye begi, vaa pamba mikono mirefu. Na ukihisi kizunguzungu, kichwa kinagonga, maneno yanakupotea, simama hapo hapo uingie duka lolote lenye ubaridi. Oda ife, wewe ubaki.

Siichukii Dubai. Wadogo zangu wamesoma kwa pikipiki hii. Anayekuja kwa kazi ya nje aje Oktoba, mwili upate miezi ya kuzoea kabla ya kiangazi.

Mama wa Al Taawun

Sisi tuko Sharjah, mji jirani, kwa sababu ya kodi, kazi ya baba watoto iko Dubai. Nafuu ya kodi tunailipia barabarani. Barabara ya Al Ittihad asubuhi mnaijua, na anatoka nyumbani watoto bado wamelala, anarudi wameshalala tena. Kwa hiyo ndugu zangu mnaohesabu kodi peke yake, hesabuni na saa za baba nyumbani.

Lililonishangaza mimi ni hili. Mwanangu alikuwa akilalamika miguu inamuuma usiku, nikadhani ni kukua. Daktari akapima damu, vitamini D iko chini kabisa. Nikamwambia, daktari, huu mji wenye jua kuliko yote! Akanieleza kwamba huku ni jambo la kawaida, watu wengi wa Ghuba wana upungufu huo, maana wanaogopa jua, wanajifunika, wanatoka kwenye kiyoyozi cha nyumba kwenda cha gari kwenda cha shule. Nikajitazama na mimi, nikaona ni kweli. Kuanzia Juni mtoto hagusi jua. Ile bembea ya kuteleza iliyoko chini ya jengo letu, saa tisa mchana huwezi kuweka kiganja.

Tulichofanya ni kubadilisha saa. Kiangazi watoto wanashuka kucheza baada ya Maghrib, na saa nne usiku uwanja bado una kelele zao. Asubuhi mapema, kabla jua halijakaza, natoka nao kidogo, mikono na miguu wazi. Msimu wa baridi ukifika tunahamia Al Mamzar kila wikendi, ufukweni, na hapo ndipo nasema afadhali tulikuja. Shule ni ghali, hilo sitaki hata kulianza.

Mleta mada

Mama, ahsante sana. Hilo la vitamini D ningependa kila mwenye mtoto alisome mara mbili.

Mtu wa saiti

Naongezea kwa Bodaboda. Mimi ni msimamizi wa zege. Ile sheria ya mchana ina meno: mwajiri akikamatwa analipa dirham 5,000 kwa kila mfanyakazi aliyekutwa juani, mpaka 50,000. Kampuni kubwa zinaifuata, nimeshuhudia. Lakini watu hawajui kwamba saa mbaya kwetu siyo lazima iwe saa saba. Tunaanza alfajiri ili kazi iende kabla ya kupumzika, na kuna asubuhi za Agosti unyevu umejaa hewani kiasi kwamba jasho halikauki mwilini. Jasho lisipokauka halikupozi. Saa nne asubuhi kijana anaweza kuanguka wakati marufuku bado haijaanza.

Halafu 15 Septemba inaisha kwenye karatasi, joto linaendelea.

Kampuni moja niliyopitia, siitaji, kivuli chake cha mapumziko kilikuwa turubai lisilo na feni. Nilipo sasa kuna feni, barafu na mtu wa afya anayepita kuangalia watu. Mshahara unakaribiana. Kwa hiyo ukipewa ofa, uliza kuhusu kivuli kama unavyouliza kuhusu mshahara.

Mzee wa Naif

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi niko Deira, Dubai ya zamani, na biashara yangu ya mizigo tangu metro haijajengwa, nayo ilifunguliwa Septemba 2009. Siondoki. Naacha mzigo wa mteja nje ya duka naenda kuswali, narudi naukuta. Nchi ngapi unaweza kufanya hivyo? Na kuhusu joto, kiangazi cha 2024 hotuba ya Ijumaa ilifupishwa isizidi dakika kumi ili watu wanaoswali nje wasiumie. Mji unaofikiria hivyo nauheshimu.

Ila vijana mnadhani jangwa limeshindwa kwa kiyoyozi. Nendeni Al Fahidi mkaangalie zile nyumba za zamani zenye minara ya upepo. Mnara uko wazi pande nne juu, unadaka upepo popote unapotoka na kuushusha chumbani. Ukisimama chini yake unausikia kichwani. Kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba ili ukuta mmoja umpe mwenzake kivuli. Wenye uwezo wa kusafiri, kiangazi walihama pwani kabisa, wakaenda kwenye mitende huko ndani, Al Ain na kwingine, wakati wa kuvuna tende. Walijua mwezi wa kukaa na mwezi wa kuondoka. Sisi leo tunakaa miezi yote kumi na miwili kwa nguvu ya umeme, na karibu maji yote tunayokunywa ni ya bahari yaliyosafishwa Jebel Ali kwa nishati nyingi. Silaumu, na mimi nayanywa. Nataka mjue mnaishi juu ya nini.

Na mvua ile ya 16 Aprili 2024 ilitufundisha. Haijawahi kupimwa mvua kama ile nchini hapa tangu kumbukumbu zilipoanza 1949. Upande wa Al Ain, pale Khatm Al Shakla, zilinyesha milimita 254 na ushei ndani ya saa 24, na hapa Dubai mwaka mzima kwa kawaida hatufikishi hata 100. Ardhi hii haijui kunywa maji kwa haraka. Magari yalielea, ndege zikasimama, metro ikakwama. Mtaani kwetu watu wasiofahamiana walibebeana mizigo mpaka ghorofani, Mhindi, Mpakistani, Msomali, sisi. Vitambaa vyangu vya chini vyote viliharibika. Siku ya tatu bado tulikuwa tunatoa maji kwa ndoo.

Nimesharudi

Shikamoo mzee. Naheshimu maneno yako, lakini wewe una duka. Mimi nilikuwa mlinzi wa kike kwenye jengo la ofisi, kazi yenyewe ilikuwa ya ndani, na sikulalamikia joto la nje hata siku moja. Joto langu lilikuwa pa kulala.

Chumba kimoja kimekatwa kwa mbao, kila kipande kinakodishwa mtu wake. Kiyoyozi ni kimoja, kiko ukutani upande wa dirisha, na mbao zimeachwa wazi juu ili ubaridi upite. Wa dirishani analala na blanketi zito na bado anatetemeka. Wa mlangoni, yaani mimi, analala na kitambaa kibichi kifuani. Mmoja akipunguza ubaridi, mwenzake anaamka na kuuongeza. Kikohozi cha mtu wa tatu unakisikia kana kwamba ni chako. Tulikuwa tunapishana zamu, kwa hiyo taa haikuzimwa, na usingizi wa mchana ndio niliokuwa nautegemea.

Juni 2025 nilisoma kwamba Manispaa ya Dubai imeanza msako wa vyumba vilivyokatwa hivyo, Satwa, Al Rigga, Al Barsha na kwingine, kwa ajili ya hatari ya moto. Ni haki, maana kukitokea moto mle watu hawatoki. Lakini niliwafikiria wenzangu: wakifukuzwa wataenda wapi kwa mshahara ule? Kitanda cha halali karibu na kazi kilikuwa kinakula sehemu kubwa ya mshahara wangu.

Mji ni mzuri. Niliupenda sana kwenye metro, behewa la wanawake, kimya, safi. Ningekuwa na chumba chenye mlango wangu huenda ningekuwa huko mpaka leo.

Mleta mada

Dada yangu, pole, na ahsante kwa kuandika yote hayo. Nilisema pale juu niambiwe mtu analala wapi, lakini picha ya mtu wa dirishani na mtu wa mlangoni sikuwa nayo. Chumba kimoja, kiyoyozi kimoja, na bado kuna misimu miwili.

Kijana wa maswali

Shikamooni wakubwa. Mimi nina ofa ya ulinzi Dubai, mkataba miaka miwili, wanasema malazi na usafiri ni juu ya kampuni. Wananitaka nifike Juni. Nimesoma yote nimebaki njia panda. Nije?

Bodaboda wa Marina

Omba wakusogeze mpaka Septemba mwishoni. Wakikataa, uliza lindo ni la ndani au la getini. Getini Juni bila kuzoea, hapana.

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Siwezi kukujibu ndiyo au hapana, ila kabla hujasaini pata haya kwa maandishi. Lindo ni la wapi, na kama ni la nje, kuna kibanda chenye kiyoyozi? Chumba wanalala watu wangapi, na basi la kampuni linachukua muda gani kwenda lindoni? Hayo masaa ya basi hayalipwi na yanakata usingizi. Mshahara wa msingi ni kiasi gani ukitenga posho, kwa sababu kiinua mgongo kinapigiwa hesabu ya msingi: siku 21 za mshahara kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Ukimaliza mwaka mmoja tayari una haki yake. Na pasipoti ni yako, mwajiri haruhusiwi kisheria kukushikia.

Ukifanikiwa baadaye ukataka kupanga nyumba yako, ujue mapema kwamba umeme na maji vina amana ya dirham 2,000 kwa fleti, na uliza kama ubaridi wa jengo umo ndani ya kodi. Jengo ninalokaa sasa umo. Nilipokuwa kabla haukumo, na bili ilikuja hata mwezi nilipokuwa likizo na mlango umefungwa, kwa sababu sehemu ya malipo haitegemei matumizi.

Waandikie leo, wakijibu yabandike hapa bila jina la kampuni. Mtu wa saiti na Nimesharudi watayasoma kwa macho makali kuliko mimi.

Nimesharudi

Nipo. Na waulize kitanda chako kiko upande gani wa kiyoyozi. Nasema kweli kabisa, waulize.