Mbudya: kiingilio tunalipa, takataka zinabaki kisiwani. Nani anazirudisha?

Wakuu salaam. Nimerudi kisiwa cha Mbudya, hapa Dar, jana na familia na bado nimefura, kwa hiyo mnivumilie.

Tulipandia boti Kunduchi, watu saba, wanne watoto. Nauli tumelipa, kiingilio cha hifadhi tumelipa, banda la makuti nalo tumelipa. Sikunung'unika. Nilimwambia mama watoto acha tutoe, ndiyo hela ya kutunzia kisiwa. (Risiti yenyewe nimeidai mara mbili ndipo ikaja.)

Maji safi, samaki na chipsi sina neno. Saa nane mdogo wangu wa mwisho akabanwa na mkojo, nikazunguka naye nyuma ya mabanda kutafuta choo. Huko ndiko nilikokuta mambo. Shimo la taka limejaa mpaka limemwagika: chupa za maji, sahani za plastiki, kandambili moja ya kushoto. Kunguru kaburuza pampasi hadi chini ya mbuyu, kaikanyaga kwa mguu mmoja, anaichana kama utumbo wa kuku. Mtoto anacheka. Mimi nimeishiwa maneno.

Nikamfuata kijana mmoja mwenye fulana ya kazi. "Bosi, hizo huwa tunachoma." Mnachoma plastiki! Ndani ya hifadhi!

Jamani, Mbudya haina mkazi hata mmoja. Hata maji ya kunywa yanatoka bara. Hakuna mwenyeji wa kumsingizia, kila chupa iliyo pale ilipanda boti, na boti hiyohiyo jioni inarudi koleman za vinywaji zikiwa tupu. Viroba vitano vinashindikana nini kupakiwa? Nahodha wetu nilipomuuliza akanijibu yeye anabeba watu, habebi taka. Huyohuyo asubuhi kashusha nanga juu ya matumbawe, tukaisikia inavyokwaruza, na mchanga mtupu upo hatua chache mbele.

Kisiwa hiki ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na jirani zake Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Mvuvi haruhusiwi kuvua pale, na mimi naona ni sawa kabisa. Ila mvuvi akitupa mshipi ni kosa, mimi wa koleman na spika nikiacha pampasi napungiwa mkono wa kwaheri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na tukazoea. Basi kwenye chupa shikeni elfu mbili yangu napopanda boti, nikirudi na chupa zangu mnirudishie. Mbona soda za chupa tulikuwa tunaacha hela dukani na hatukufa?

Chupa zetu kumi na moja nimerudi nazo kwenye kiroba. Kushuka Kunduchi nikazunguka ufuko mzima natafuta pipa, sikuliona. Kiroba kiko kwenye buti la gari mpaka muda huu naandika, na kimeanza kunuka samaki.