Naomba ushauri: viti vya pweza wanakufa kwenye tangi la kugusa

Mlezi_wa_Tangi
Wakuu, habari. Ninasimamia tangi la maji ya bahari ambalo wageni, wengi wao watoto, wanaingiza mikono na kugusa wanyama. Kuna viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota), majongoo bahari, kaa wadogo na samaki wachache. Sasa viti vya pweza wanalegea. Ukiwatazama kwa karibu, ncha za mikono zimejikunja, ngozi ina utelezi mweupe, na vile vijiguu vya chini havishiki tena kioo. Chumvi ni gramu 35 kwa lita, amonia haionekani. Je, pampu ya pili itasaidia? Jumamosi napokea wanafunzi.

Taa_Mtulivu
Pampu ya pili nunua hata kama shida si hiyo. Mwaka 2015 bustani ya wanyama ya Brookfield, karibu na Chicago, ilipoteza samaki 54 aina ya taa kwenye bwawa lao la kugusa baada ya oksijeni kushuka kwa muda mfupi tu. Umeme ukikatika usiku nani atajua?

MamaWawili
Mimi nalaumu mikono. Mtu kajipaka losheni, kajipaka mafuta ya jua, moja kwa moja majini! Wanangu nimewafundisha: nawa, suuza sabuni yote, gusa kwa vidole viwili, usimtoe nje ya maji. Niliwahi kumwona baba mzima anambandua kiti cha pweza kwenye jiwe ili apige picha, vijiguu vikabaki jiweni. Hawa ni viumbe wa Mungu jamani.

Mlezi_wa_Tangi
Dada, kunawa tunasimamia. Kuna mtu pale pale kwenye bomba.

Fundi_Maji
Samaki wazima?

Mlezi_wa_Tangi
Wazima kabisa, wanakula.

Fundi_Maji
Basi pampu iache kwanza. Samaki wakiwa wazima na wasio na uti wa mgongo wanakufa, kuna kitu umetia. Dawa gani?

Mlezi_wa_Tangi
Samaki walitoka vidoa vyeupe, nikawatibu kwa dawa ya shaba. Lakini nilifuata kipimo cha chupa, na wamepona. Nisingeweza kuwaacha wafe. Nimeshaagiza viti vya pweza wengine, wanafika Ijumaa. Nikibadilisha nusu ya maji si inatosha?

Fundi_Maji
Haitoshi, kaka. Kipimo kinachomponya samaki ndicho kinachomuua kiti cha pweza na kaa. Halafu shaba haiondoki yote na maji. Changarawe ya matumbawe na mawe ya chokaa huinyonya, kisha huirudisha kidogo kidogo. Hao wa Ijumaa utakuwa unawaleta kufa. Samaki mgonjwa anatibiwa kwenye tangi la peke yake.

Kasa_Mkongwe
Samahani, naona hii ni chai. Umeandika kuna majongoo bahari. Shaba ingewadhuru nao, na jongoo akifa vibaya anaweza kutoa sumu iue hata samaki. Wewe samaki wanakula! Hao majongoo wako wapi?

Mlezi_wa_Tangi
Si chai mkuu. Majongoo niliwatoa kabla ya dawa kwa sababu ya hiyo hiyo sumu. Wako kwenye pipa lenye maji safi ya bahari na hewa. Viti vya pweza niliwaacha kwa kuwa watoto wangekuja wakute hakuna cha kugusa.

Kasa_Mkongwe
Kumbe ulijua dawa ina hatari, ukachagua wa kuokoa.

Mlezi_wa_Tangi
Nilijua kwa majongoo. Hao wengine nilidhani watavumilia.

Fundi_Maji
Tuwaokoe waliobaki. Wachukue na bakuli ndani ya maji, wasipigwe na hewa. Dondoshea maji ya pipa taratibu kwa saa kadhaa ndipo uwahamishe. Tangini weka kaboni ya kuchujia maji, toa changarawe na mawe yote, na upime shaba yenyewe kila siku. Kipimo cha amonia hakikuonyeshi shaba.

MamaWawili
Na Jumamosi watoto waangalie kwa macho tu. Waeleze kwa nini. Wataelewa kuliko watu wazima.

Mlezi_wa_Tangi
Nimeanza kuwadondoshea walio hai. Mmoja ameshika ukuta wa bakuli. Oda ya Ijumaa bado naifikiria, maana nilishawaahidi walimu.

Fundi_Maji
Piga simu leo uizuie, kabla hawajafungwa kwenye mifuko.