Mjadala: Je, bangi ya miaka mingi inapunguza ubongo?

Mwalimu Mstaafu: Ndugu zangu, naomba jambo hili tulijadili kwa ushahidi. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya picha za MRI za wanaume waliovuta bangi kwa wingi kwa zaidi ya miaka 10, wakakuta ubongo wao umepungua kwa asilimia 12. Mimi sikushangaa, kwa sababu wavutaji niliokua nao hii leo hawakumbuki hata majina ya watoto wao. Sasa tunabishania nini tena?

Binti wa Bandarini: Shikamoo Mwalimu. Ya Australia nawaachia wenyewe, lakini hilo la majina ya watoto limeniuma. Marehemu baba yangu alivuta tangu ujana wake majahazini hadi alipofariki akiwa na miaka 74, na kibanda chake cha nazi alikiendesha bila daftari. Wadeni wake wote aliwaweka kichwani, na aliyejifanya amesahau alikumbushwa siku, idadi ya nazi na hata rangi ya shati alilokuwa amevaa. Sisi watoto tulikuwa tisa, na hakuwahi kumwita mmoja kwa jina la mwingine.

Tabibu wa Zamu: Mwalimu, asilimia 12 haikuwa ya ubongo mzima. Ilikuwa ya hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, ambayo kazi yake kubwa ni kuhifadhi kumbukumbu mpya. Amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia kama hofu, nayo ilikuwa ndogo kwa takriban asilimia 7. Wavutaji waliopimwa walikuwa 15 tu, tena wa zaidi ya misokoto 5 kwa siku. Isitoshe, picha ilipigwa mara moja, kwa hiyo haituambii kama bangi ndiyo iliyopunguza sehemu hizo au wahusika walikuwa hivyo tangu mwanzo. Na wewe Binti, deni lililokwisha kukaa kichwani ni jambo jingine. La kuuliza ni kama marehemu alikumbuka alichoambiwa asubuhi ya siku ileile.

Binti wa Bandarini: Tabibu, hukumjua baba yangu, na sioni kwa nini unampima akiwa kaburini.

Mkia wa Pweza: Dada, pole, lakini tusaidie: alivuta misokoto mingapi kwa siku? Kama ni mmoja, basi hafanani na wale 15, na ushahidi wake haumfai Mwalimu wala haukufai wewe.

Binti wa Bandarini: Mmoja, baada ya isha, kibarazani. Siku ya sikukuu, miwili.

Mwalimu Mstaafu: Kwa hiyo tumetumia nusu siku kumjadili mtu ambaye kwa kweli hakuwa mvutaji!

Mama wa Kidato cha Tatu: Mnabishana juu ya mzee aliyekwisha kujiendea zake, Mungu amrehemu, wakati mimi wiki iliyopita nimekuta msokoto ndani ya soksi ya mwanangu mwenye miaka 16. Kuna anayeweza kuniambia habari za ubongo wa umri huo?

Tabibu wa Zamu: Mama, hapo ndipo penye uzito. Kule Dunedin, New Zealand, watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 walifuatiliwa hadi umri wa miaka 38, na walioanza kuvuta wakiwa vijana wadogo kisha wakaendelea walipoteza hadi alama 8 za IQ, yaani kipimo cha uwezo wa akili. Wapo waliopinga wakisema ni hali ya maisha, na uchunguzi wa mapacha wa mwaka 2016 haukuona pacha mvutaji akiporomoka kuliko mwenzake asiyevuta. Ila mwaka 2021 yalitoka matokeo ya vijana 799 wa Ulaya waliopigwa picha kabla hawajaanza kuvuta, wakiwa na miaka 14 hivi, na tena miaka mitano baadaye. Kadiri kijana alivyovuta zaidi, ndivyo gamba la mbele la ubongo lilivyokonda zaidi, na picha za awali hazikuwa zimeonyesha tofauti. Mwanao akiacha sasa, lipo la kutia moyo: vipokezi vya ubongo ambavyo THC, kemikali ya bangi inayolevya, hushikamana navyo hupungua kwa wavutaji wa kila siku, lakini vimeonekana kurejea baada ya wiki 4 hivi.

Mzee wa Shamba la Mikorosho: Mimi narudi kwa muuza nazi. Bangi yake haikuwa hii skanka, bangi kali ya leo. Hata Marekani, bangi iliyokamatwa mwaka 1995 ilikuwa na THC ya wastani wa asilimia 4, na kufikia 2014 ilikuwa asilimia 12. Binti, hiyo ya kibarazani ilitoka wapi?

Mkia wa Pweza: Mzee, usimjibishe maswali ya polisi.

Binti wa Bandarini: Sijui ilitoka wapi. Nimelala nikiliwaza swali la Tabibu, na kwa kuwa mmetaka ukweli, nitausema. Miaka yake ya mwisho baba alikuwa akiniuliza hata mara tatu kwa jioni moja kama kuku wamekwisha kufungiwa. Lakini mama yangu, ambaye hajawahi kuugusa msokoto, sasa ana miaka 71, na jana aliniuliza mara nne.