Majitaka ya kutenganisha madini adimu: niachane na amonia?

Mkorogo3: Wakuu, naomba ushauri. Tunatenganisha neodimiamu na praseodimiamu, metali mbili za madini adimu, kwa P507 (asidi ya kikaboni yenye fosforasi inayonasa metali) iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwenye asidi ya hidrokloriki. Malighafi ni monazaiti, mchanga wenye madini adimu. P507 tunaitia amonia kwanza ili kuzima asidi yake, na majitaka yanatoka na amonia nyingi mno. Nifunge mnara wa kuipuliza itoke, au nihamie soda kostiki?

Molari: Piga hesabu kwanza. Kila ioni ya neodimiamu inayoingia kwenye P507 inafukuza ioni 3 za haidrojeni, na kila moja inadai molekuli ya amonia ya kuizima. Kwa kilo 1 ya oksaidi ni gramu 300 hivi za amonia, zote zinaishia majini. Hicho ni kiwango cha chini, maana metali hizi mbili zinafanana mno na sehemu ya metali hurudishwa nyuma kutenganishwa tena mara nyingi kabla hazijaachana.

Mnara unafaa: pandisha pH hadi 11, pasha maji hadi nyuzi 50 au 60. Ila hewa itokayo lazima ipite kwenye asidi ya salfuriki iinase amonia, la sivyo umeihamisha amonia kutoka majini kwenda angani. Ukitumia chokaa, kalsiamu itaganda ndani ya mnara. Panga siku za kuusafisha.

Kostiki itataka gramu 713 kwa kilo ileile na kukuachia zaidi ya kilo 1 ya chumvi. Chumvi hiyo hailiwi na bakteria wala haishuki chini kama tope ukitia chokaa. Bila mtambo wa kuikausha, usihame.

TabakaMbili: Ukihama, mimina kostiki polepole huku unakoroga, na usizime zaidi ya asilimia 40 ya asidi ya P507. Ukizidisha, mafuta yanakuwa mazito kama uji na hayaachani na maji. Chota sampuli kwenye glasi, iache itulie. Ukiona utando mweupe katikati ya matabaka, shuku aluminiamu au silika iliyopita kwenye uchujaji wa mwanzo. Kuongeza muda wa kutulia hakutausaidia. Rudi kwenye chujio. Na usisahau matone ya P507 yanayotoka na maji: yana fosforasi. Tangi la kutulizia kwanza, kisha mkaa amilifu.

Molari: Naongezea: monazaiti ina thoriamu, metali yenye mionzi. Inashuka kwenye pH 4 hivi, madini adimu yakibaki kwenye maji. Lakini radiamu, nayo yenye mionzi, inabaki pia! Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tia bariamu kloridi na salfati kidogo, radiamu ishuke pamoja na bariamu salfati. Tope hilo lina mionzi: lipimwe, litengwe, lisichanganywe kamwe na tope la kawaida.

Mkorogo3: Asante sana. Salfati ya sodiamu ipo ghalani, naweza kuitumia hapo?

TabakaMbili: Hapana, mkuu. Sodiamu na salfati zikizidi, hasa maji yakiwa ya moto, neodimiamu yako itashuka nazo kama chumvi pacha (chumvi moja yenye metali zote mbili) na kuzikwa kwenye tope la mionzi. Tumia asidi ya salfuriki, kidogo kidogo, maji yakiwa yamepoa.