Miji ya kale ya pwani ilijengwa na nani hasa?

mwalimu_wa_Tanga
Wakuu, naomba kueleweshwa. Nafundisha historia, na noti nilizorithi zinasema wageni kutoka Uajemi na Uarabuni walikuja wakajenga miji ya pwani. Juzi mwanafunzi kanibana: "Kama walikuta pwani tupu, Kilwa waliinunua kwa nani?" Maana habari za kale za Kilwa zenyewe zinasema Ali bin al-Hasan, mwana wa sultani wa Shiraz huko Uajemi, alikinunua kisiwa kwa vitambaa. Nikamwambia tutaendelea kesho. Na kesho yenyewe ndiyo hiyo inakuja.

kigae
Huyo mtoto mpe maksi zake. Noti hizo zinatokana na wachimbaji wa mwanzo wa mambo ya kale, walioyafuata mawe. Kirkman pale Gede tangu 1948, halafu Chittick huko Kilwa na Manda. Ukiona kuta za matumbawe, mihrabu na vyombo vya China, ni rahisi kusema mji mzima uliletwa na jahazi. Nyumba ya miti na udongo haiachi gofu. Inaacha mashimo ya nguzo tu. Niliwahi kubeba karai kwenye uchimbaji mmoja (si hapo), na shimo la nguzo ni doa jeusi ambalo usipolinyunyizia maji kidogo unalipita hivihivi.

Miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akashuka chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe. Chini yake mna msikiti mwingine, chini ya huo mwingine tena, hadi vijumba vya miti vya karne ya 8. Na vigae, tangu tabaka la chini kabisa, vingi ni vya vyungu vya hapahapa vyenye michoro ya pembetatu, ndugu wa vile vinavyookotwa bara. Vya ng'ambo ni vichache. Mji ulikua palepale, mawe yakaja baadaye.

mjukuu_wa_Shirazi
Kwa hiyo babu zetu ni hadithi tu? Mbona ule utafiti wa vinasaba wa 2023 ulionyesha Uajemi waziwazi?

kigae
Si hadithi, ndugu yangu. Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, katika hazina ya karne ya 11. Chittick alikuwa amesogeza utawala wake hadi karibu na mwaka 1200! Hapo udongo uliwatetea wazee wenu.

Ila huo utafiti usome wote. Walipima mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani. Kwa baba, wengi wanarudi Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza mwaka 1000 hivi. Kwa mama, karibu wote ni Waafrika. Wakati huo Shanga ilikuwa inaswali kwa takriban karne mbili. Tena mifupa mingi ni ya makaburi ya wenye nazo. Wavuvi wa vibandani humo ni shida kuwapata.

mwalimu_wa_Tanga
Ahsanteni sana. Sasa mtihani wa taifa ukiuliza "nani walijenga miji ya pwani", mwanafunzi aandike nini?

kigae
Wenyeji, waliopokea wageni wakaoana nao. Atoe mfano wa Shanga, ataje na vyungu. Msahihishaji akimnyima maksi, basi na yeye alirithi noti zilezile.