Paka amevimba chini ya miguu yote, je ni ukimwi wa paka?

Mama Nyau
Wakuu habari, nipo Moshi huku Pasua, nina paka dume hajahasiwa, usiku kucha yupo juu ya mabati ya watu anapigana, sasa vile vinyama laini vya katikati chini ya miguu vimevimba, ukibonyeza vinabonyea kama andazi bichi, vimekuwa zambarau halafu kuna vimistari vyeupe vimekatizana, na mmoja umepasuka unaacha damu sakafuni. Kula anakula vizuri tu. Duka la dawa za mifugo wanasema mwiba, sasa mwiba gani unachoma miguu minne kwa mpigo jamani? Jirani nae anasema ni ukimwi wa paka, nimtupe maana nina watoto. Nimpe panadol kwanza?

Mzee wa Sakina
Aisee panadol usithubutu dada, inaua paka!! Hiyo unayoeleza inafanana sana na plazma seli pododamataitisi, yaani chembe za kinga za mwili zinajazana kwenye hivyo vinyama mpaka vinalegea. Chanzo chake hakijajulikana. Ila jirani hajakosea kabisa, baadhi ya tafiti zimekuta karibu nusu ya paka wenye hali hii wana FIV, ndiyo huo mnaouita ukimwi wa paka, na paka wanaambukizana zaidi kwa kung'atana, sasa dume la kupigana kama lako... Kuhusu watoto kuwa na amani, FIV imegunduliwa 1986 kule California na mpaka leo haijaonekana kumwambukiza binadamu.

binti_njiro
Wangu alikuwa nayo na kipimo kikatoka hana FIV, kwa hiyo usimhukumu kabla ya damu kupimwa. Daktari alimpa doksisaiklini, ile antibayotiki, wiki kadhaa hivi, uvimbe ukashuka taratibu. Kidonge kikishuka mpe maji kwa sirinji hapohapo, kikikwama kooni kinaunguza. Dozi apange daktari kwa uzito, usikadirie.

Mzee wa Sakina
Na kama ameng'atwa karibuni kipimo kinaweza kusoma hana, kinatafuta antibodi, yaani kinga ambazo mwili unatengeneza kupambana na ugonjwa, na zinachelewa kutokea, arudie baada ya miezi miwili.

Mama Nyau
Asanteni, na kuhasiwa nako naona hakukwepeki. Kuna daktari Moshi ana hicho kipimo?

binti_njiro
Piga simu kwanza kabla hujamtia kwenye kikapu, sio kila kliniki inakuwa nacho. Hicho kidonda osha na maji ya chumvi ya uvuguvugu, na asitoke nje kwa sasa.